Kifungu cha Sita Nilichokikata kwa Kalamu Yangu

Nasra mwanangu,

Kifungu cha sita kilikuwepo. Nilikiandika mimi, na mimi ndiye niliyekikata. Hili sijamwambia mtu yeyote: si babu yako, si mama'ako kwenye simu, si baba'ako ambaye sasa hivi yuko sebuleni anafunga maboksi kwa selotepu na kujifanya anaimba. Nyumba nzima inaamini kwamba siku wale wazee walipokaa kuunganisha ofisi zao, hakuna aliyemkumbuka baba'ako. Alikumbukwa. Alikumbukwa kwa mistari minne iliyochapwa vizuri, halafu mtu akachukua kalamu.

Najua umeshaanza kucheka hapo juu kwenye "mwanangu". Tangu ulipofika Guangzhou na miaka yako minane unaniuliza, "Mama gani ana chunusi?" Nina miaka kumi na saba, wewe kumi na miwili, na tukiwa mbele za watu unaniita mamdogo kwa sauti kubwa makusudi, ili Wakongo wa ghorofa ya chini wageuke wamtafute huyo mama mwenyewe. Cheka. Mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu. Mimi ndiye niliyekusuka miaka minne, mimi niliyekusainia daftari la shule kwa kuiga saini ya babu yako, na siku ulipotapika kwenye treni ya chini ya ardhi ni mtandio wangu uliopanguza kiti. Nimeipata hiyo haki ya kukuita mwanangu, na leo naitumia.

Sitakwambia uvae sweta kwenye ndege. Maagizo ya namna hiyo mama'ako anayo ya kutosha. Mnaondoka kesho alfajiri, nami nina alasiri hii tu, na alasiri hii nina hasira.

Ilianzia shuleni. Miss wetu wa somo la jamii, yule Mmarekani mrefu, aliandika mada kwenye vikaratasi akavitia kwenye kofia. Wenzangu walitoa haki za watoto, uchaguzi, uhuru wa magazeti. Mimi nikatoa sheria ya shirikisho ya Marekani inayosimamia kuunganisha na kuratibu kampuni za reli. Darasa zima liliangua kicheko. Mtu mwingine angesema, "Miss, naomba nibadilishiwe." Mimi unanijua. Nilikikunja kikaratasi nikakitia mfukoni, nikaisoma sheria ya reli wiki sita kwa sababu niliona haya kunyoosha mkono.

Na nikaipenda. Usimwambie mtu.

Sheria ile inasema kampuni mbili za reli haziwezi kuungana kwa kupeana mikono tu. Lazima ziende kwa bodi ya serikali kuu zikaombe, na bodi inauliza maswali. Umma utafaidika nini? Reli za jirani zitabaki hai? Na wafanyakazi, watakuwaje? Hapo kwenye wafanyakazi ndipo nilipokaa wima. Inasema kampuni kubwa hazipewi ruhusa bila masharti ya kuwalinda. Anayepoteza nafasi yake kwa sababu ya muungano hatupwi hivihivi: anapewa taarifa mapema, hali yake inalindwa kwa muda unaoweza kufika miaka kadhaa, na akilazimika kuhama kuifuata kazi, asaidiwe kuhama. Wala hawakuweka hayo kwa huruma. Watu wa reli waliyadai, wakagombana, wakaandikiana.

Sheria yenyewe si malaika, nayo nikaikasirikia. Inasema muungano ukishapitishwa, kampuni inaweza kuvuka sheria nyingine kadiri inavyohitaji ili iutekeleze, na mahakama yao kubwa ikakubali kwamba hata mkataba wa wafanyakazi unaweza kuvukwa. Mkono huu unakupokonya, ule unakupa. Nikamwambia Miss (kwa maandishi, si kwa mdomo) kwamba huu ni ujanja. Akanijibu kwa kunisimulia habari za babu yake. Alikuwa mpanga mabehewa. Kampuni mbili zikaamua kutumia yadi moja, kila moja ikabaki na rangi ya vichwa vyake vya treni, na yeye akaambiwa: fuata kazi mji mwingine, au uiache kinga yako. Alikuwa ameshapita miaka hamsini. Akahama. "Alilalamika mpaka anakufa," Miss akasema, "lakini alilalamika akiwa kazini."

Wiki hizohizo babu yako akaanza mazungumzo na Bwana Othman.

Unamjua Bwana Othman kama mzee wa Kizanzibari anayekupa tende. Mimi namjua kama mtu wa ofisi ya mizigo iliyo ng'ambo ya pili ya barabara ya Dengfeng, mlango wa tatu kutoka kwenye vibanda vya simu. Kazi yao na babu yako ni moja: kukusanya mizigo ya wafanyabiashara wadogo, huyu viatu katoni kumi, yule mapazia, yule vioo vya simu, na kuijaza kwenye konteina moja kwenda Dar. Mwaka huu konteina za wote wawili zilikuwa zinaondoka hazijajaa. Kuunganisha kulikuwa na akili, hapo sina ubishi. Ubishi wangu unaanza na maneno aliyosema Bwana Othman hapa mezani, akichovya mkate kwenye mchuzi.

"Mzee mwenzangu, sisi hatuungani. Tunashirikiana. Kila mtu na kibao chake mlangoni, kila mtu na wateja wake. Stoo moja, lori moja, basi."

"Kushirikiana," babu yako akarudia, kama mtu anayeonja chumvi.

"Ndiyo! Kuungana kuna mambo. Kushirikiana hakuna mambo."

Nilikuwa nawamiminia chai, nusura nimwage. Ni yaleyale! Watu wa reli walishaisikia hiyo miaka mingi kabla sijazaliwa, ndiyo maana walitaja kuunganisha na kuratibu kwa pamoja. Uite muungano, uite ushirikiano, uziache rangi za treni kama zilivyo, yadi zikiwa mbili zikawa moja kuna mtu atasimama nje ya geti na chupa yake ya chai. Na hapa kwetu nilijua ni nani. Stoo mbili zina wakuu wawili. Upande wa Bwana Othman ni mpwa wake, Mundhir. Upande wetu ni baba'ako, anayepanga konteina mpaka hakubaki nafasi ya kupenyeza kandambili, na ambaye kibali chake cha kukaa China kimefungwa kwenye ile kazi. Kazi ikiondoka, kibali kinaondoka. Kibali kikiondoka, na wewe unaondoka.

Babu yako akanipa kazi ya kuuandika mkataba, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee wa nyumba hii niliyesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Nikaandika vifungu vitano walivyonitajia. Kisha, peke yangu chumbani, wewe ukiwa kitandani unachora kucha kwa kalamu ya wino, nikaongeza cha sita. Nakiandika tena hapa neno kwa neno:

"Mfanyakazi wa upande wowote asiwekwe katika hali mbaya zaidi kwa sababu ya ushirikiano huu. Atakayepoteza nafasi apewe taarifa ya miezi mitatu. Nafasi yoyote itakayofunguka, Guangzhou au Dar es Salaam, aliyeondolewa awe wa kwanza kuulizwa."

Nilijiona mtu mkubwa, Nasra. Nilitembea mpaka duka la kuchapisha la chini nikiwa nimekumbatia ile flashi kama yai.

Siku ya kusoma mkataba tulikaa ofisini kwa Bwana Othman: yeye, babu yako, Mundhir, na mashahidi wawili wa msikitini. Baba'ako hakuwepo. Alikuwa stoo anapakia konteina, mzigo wa hao hao waliokaa. Kama kawaida ya watu wetu, mkataba unasomwa kwa sauti mbele ya wote ndipo isomwe fatiha. Nikasoma. Cha kwanza, cha pili, vichwa vinaitikia. Nilipofika cha sita sauti yangu ikaanza kushuka yenyewe, lakini nilikimaliza.

Bwana Othman akacheka, tena si kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Binti, hiki kimetoka wapi?"

Nikainamia karatasi.

"Mzee, ni wewe uliyesema kiwekwe?"

"Mimi? Hapana," babu yako akasema. "Zuhura, hiki cha nini?"

Mundhir akadakia, "Anasoma mambo ya treni za Marekani shuleni. Nasra alituambia."

"Treni!" Bwana Othman akapiga paja. "Mwanangu, hapa tunapakia viatu, hatupakii abiria. Au na sisi tuweke filimbi?"

Wote wakacheka. Shahidi mmoja, babu wa watu, akacheka mpaka akavua miwani. Nami nilikuwa na jibu, Nasra. Nililijua kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kifungu kile hakihusu treni, kinamhusu mtu aliye stoo saa hii na jasho mgongoni. Maneno ishirini hayafiki. Watu watano walikuwa wananitazama, uso ukanichoma, na mdomo wangu ukasema kitu kingine kabisa.

"Samahani. Nimekosea. Kimeingia kutoka kwenye kazi ya shule."

Nikachukua kalamu nikakipiga mstari, mistari minne, mmoja baada ya mwingine. Nikasaini pembeni kama fundi aliyesahihisha kipimo. Bwana Othman akasema, "Msichana ana adabu, mashaallah," akafungua viganja. Al-Fatiha. Nikaitikia amina pamoja nao.

Ana adabu! Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote na siku ile nililichukia. Watu wakiona haya yangu hawasemi msichana anaogopa. Wanasema ana adabu, wananipa soda.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Wiki ya tatu stoo yetu ikafungwa. Ya nne baba'ako akaambiwa mkuu wa stoo atakuwa Mundhir, "kwa sasa". Hakupewa miezi mitatu. Alipewa siku za kumalizia kibali. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kile kiti cha plastiki cha varandani bila kuvua viatu, akaniambia, "Shemeji, mimi sina neno. Ila hata mmoja wao asiseme Idrisa yupo?" Nikamwambia nitamletea chai. Hilo ndilo jibu nililompa mtu niliyemkata kwa mkono wangu.

Nilimwendea babu yako mara moja. Nilisimama mlangoni kwake.

"Baba, shemeji ataondoka kweli?"

"Unataka nifanye nini? Nikimtetea mkwe wangu watasema nimeleta ukoo kwenye ofisi."

"Na Mundhir si ukoo?"

Alijua. Unadhani haya yangu nimeiokota wapi? Nimeirithi kwake. Yule mzee alikubali mume wa binti yake atolewe, kuliko aonekane anaomba. Kisha akasema lile neno la kufunga mlango: "Fatiha imeshasomwa, Zuhura."

Basi nami nakasirika, wallahi. Fatiha imeshasomwa! Kwani fatiha ni kufuli? Maneno yale tunayasoma kuomba tuongozwe njia iliyonyooka, halafu tunayatumia kumzuia mtu asirudi kunyoosha. Na aliyeondolewa hakuitikia hata hiyo amina, alikuwa amebeba katoni zao. Kule kwa watu wa reli, kampuni haimhamishi mtu mpaka ikae na wawakilishi wa wafanyakazi waandikiane. Wakishindwana anaitwa mwamuzi. Sisi tulikaa watu wazima wanne na Mundhir na mtoto mmoja wa shule, tukamwamulia mtu ambaye hata kikombe cha chai hakuwekewa pale.

Ninayemkasirikia kuliko wote nimemhifadhi mpaka mwisho, na unamjua: ni mimi.

Unakumbuka kule soko la Zhanxi, ulipokuwa na miaka tisa? Babu yako alitutuma tukapokee raba za wanawake. Sampuli ilikuwa na soli ngumu, katoni tulizofunguliwa zina soli ya kupinda kama mkate. Mimi niliona mara moja. Nikaanza kutafuta maneno, nikasema labda ndivyo zilivyo, labda tupige simu. Wewe ukachukua raba moja ukaikunja mbele ya uso wa laoban, mwenye duka mwenyewe, ukamwambia kwa Kichina chako cha mtaani kwamba hizi si zile. Akasema mei you, hakuna nyingine. Ukakaa juu ya katoni. Watu wa mikokoteni wakakwama nyuma yetu, wanapiga kelele, nami nikakushika mkono nikakunong'oneza, "Nasra, nyamaza, wanatutazama." Hukunyamaza. Laoban akacheka akabadilisha katoni zote, akakupa na pipi. Njiani nikakugombeza. Nilikwambia mtoto wa kike habishani barabarani.

Naifuta hiyo. Na ile ya kwenye treni pia, yule mama alipokushika nywele bila kukuuliza, ukataka kumwambia, nikakuminya bega. Nilikuita mwanangu nikakufundisha ugonjwa wangu. Sijui mama mwenye chunusi afundishe nini, lakini hicho sicho.

Sikuombi uwe mkali. Huko Ilala unakokwenda kuna wakali wa kutosha, mama'ako akiwa wa kwanza. Unamrudia, na hilo silinung'unikii, amekungoja sana. Ninachokuomba ni kidogo. Siku watakapokucheka na wewe unajua unachosema, acha wacheke mpaka wamalize. Kicheko kina mwisho, mimi sikukipa nafasi kifike. Ningengoja muda wa shahidi kurudisha miwani yake usoni, ningekuwa nimesema.

Sasa kuna jambo la leo, na ndilo lililonitoa kitandani kuandika. Mchana, baada ya Ijumaa, nimemsikia Bwana Othman chini, kwenye duka la kubadilisha fedha, akiongea kwenye simu. Wanatafuta mtu wa kupokea mizigo Dar. Stoo ya Dar inafunguliwa, ya pamoja, ya kwao wote wawili. "Nipatie mtu anayejua kupanga na kupangua," anasema, "kijana yeyote mwaminifu." Kijana yeyote! Na baba'ako anapanda ndege kesho kwenda mji huohuo, bila kazi, amekwisha kumwambia mama'ako kwamba ataanza kutembeza viatu begani.

Nafasi yoyote itakayofunguka, Guangzhou au Dar es Salaam. Ndivyo nilivyoandika. Kimekatwa, lakini kinasomeka chini ya mstari, wino wangu haukuwa mzito. Nakala yetu iko hapa mbele yangu, nimeitoa kwenye kabati la babu yako bila kumwomba. Sijui kifungu kilichokatwa kina nguvu gani, Miss hakutufundisha. Najua hakikukatwa kwa sababu mtu yeyote alikipinga. Hakuna aliyesema hapana, Nasra. Nimeirudia siku ile mara nyingi kichwani na hakuna. Walicheka, na mimi nikakata. Babu yako mpaka leo anadhani ni kazi ya shule. Hajui kwamba alikuwa na karatasi ya kumtetea mkwe wake bila kuonekana anaomba.

Nilitaka nikutie barua hii kwenye mfuko wa ndani wa begi lako, uisome ukiwa mbali, nami nijione nimeungama. Nimefika hapa ndipo nimeona upumbavu wake. Ningekuwa nimemwambia mtu mmoja tu, mtoto, tena akiwa angani, wakati hakuna lolote la kufanya. Huko ni kukata mstari kwa mara ya pili.

Tangu nianze, kila mtu akipita nafunika karatasi kwa kitabu cha jiografia. Umeingia mara mbili kutafuta soksi ukaniuliza naandika nini, nikasema insha. Baba'ako amekuja kuuliza mkasi. Sasa ni babu yako. Namjua kwa anavyoburuta kandambili, na anakuja huku, anauliza kwa sauti nani amefungua kabati lake.

Kitabu nimekisukuma kando. Mkataba nimeuweka pembeni ya barua, kifungu cha sita juu kabisa, na nimeugeuza uelekee mlangoni, asome bila kuinama. Anaita jina langu. Nimemwitikia, "Niko huku, baba, njoo na Shemeji Idrisa."